Wingi Wetu Ndio Mchawi?

Ukiuliza kwa nini watoto wanakaa chini darasani, au kwa nini zahanati imeishiwa dawa, jibu liko tayari mdomoni: "Watu tumezidi bwana, serikali itaweza wapi?" Nalisikia kwenye daladala, nalisikia barazani, na hata sisi vijana tunaojaribu kuandika tunalirudia bila kulichunguza. Ndugu msomaji, hebu turudi nyuma kidogo tuone historia inasemaje.

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3. Kilio cha serikali wakati ule kilikuwa kwamba wananchi wametawanyika. Kaya moja huku mlimani, nyingine kule bondeni. Shule utaijenga wapi, kisima utachimba wapi? Mwaka 1973 ikaamriwa kwamba watu wote wa vijijini Tanzania Bara wawe katika vijiji vya pamoja ifikapo mwisho wa 1976. Mamilioni wakahama, na wengi walihamishwa kwa nguvu. Kumbe hata watu wachache ni mzigo, ikiwa kuwafikia ni ghali.

Wakati huohuo ada ya shule za msingi ilifutwa, na Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma: kila mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule awe darasani ifikapo 1977. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha huku wao wenyewe wakifundishwa kwa redio na kwa masomo ya posta. Wapo wanaowacheka hadi leo "walimu wa UPE", lakini watoto waliingia shule.

Sasa tazama hesabu hii. Kati ya sensa ya 1967 na ya 1978 watu waliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka, na huduma zilipanuka. Kati ya 1978 na 1988 ongezeko lilishuka hadi asilimia 2.8, na huduma ndiyo kwanza zikaporomoka! Kama wingi ndio mchawi peke yake, mbona mambo yalikwenda kinyume? Kilichobadilika ni mfuko. Ilikuja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, madeni yakakaba, kisha masharti ya kubana matumizi. Mzazi akaanza kuambiwa achangie shule, achangie na hospitali. Asiye na kitu mtoto wake akabaki nyumbani.

Ada ilipofutwa tena mwaka 2001, wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 hivi mwaka 2005. Jamani, watoto wote hao hawakuzaliwa miaka mitano hiyo. Wengi walikuwepo siku zote, wakiuza karanga na kuchunga mbuzi, ila hakuna aliyewahesabia dawati.

Sisemi wingi si kitu. Sensa ya 2022 ilitukuta milioni 61.7, na kwa kasi ya asilimia 3.2 tunaongezeka karibu milioni 2 kwa mwaka. Zaidi ya asilimia 40 yetu ni watoto chini ya miaka 15, ambao wanahitaji chanjo, madaftari na walimu, na bado hawajaanza kulipa kodi. Serikali inayojenga madarasa yaleyale kila mwaka haijasimama, inarudi nyuma. Mwalimu Nyerere aliliona hilo mapema: mwaka 1969, akitangaza Mpango wa Pili wa Maendeleo, alikumbusha kwamba kuzaa peke yake hakutoshi, mtoto anatakiwa kulelewa na kusomeshwa. Lakini sera ya taifa ya idadi ya watu ilisubiri hadi 1992.

Hapa ndipo ninapogombana na jibu la barazani. Mtoto wa miaka sita hatokei ghafla mlangoni mwa shule. Amezaliwa miaka sita nyuma, na muda wote huo kulikuwa na nafasi ya kufyatua tofali na kusomesha mwalimu. Tukisema "watu tumezidi" tukaishia hapo, tunamlaumu huyo mtoto kwa kuzaliwa, na aliyepaswa kumwandalia anakwenda zake bila kuulizwa. Sisi wenye kalamu tumuulize.