Kuponi, vocha na ofa za madukani: Masharti ambayo mnunuzi wa Dar anapaswa kuyajua

KWA familia nyingi za Mbagala, Tandika, Manzese na Tandale, punguzo la bei bado hupatikana kwa mdomo. Mama hufika gengeni, huuliza bei, hulalamika kidogo, na mwisho hupunguziwa shilingi mia moja au huongezewa fungu la mchicha. Katika maduka makubwa ya kujihudumia hakuna wa kujadiliana naye. Bei imebandikwa kwenye rafu, mashine inasoma alama za bidhaa, na punguzo likiwapo huja kwa njia ya karatasi, kadi au ujumbe wa simu.

Karatasi hiyo ndiyo huitwa kuponi au vocha. Kila moja huja na masharti yake, ambayo mara nyingi huchapishwa kwa herufi ndogo kuliko zote. Mnunuzi asiyeyasoma huyagundua akiwa mbele ya keshia, foleni ikiwa nyuma yake na fedha mkononi zikiwa hazitoshi.

Aina za punguzo

Kuponi halisi ni hati inayopunguza bei ya bidhaa fulani kwa kiasi kilichotajwa. Hutolewa na kiwanda au na duka. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu kuponi ya kiwanda inaweza kupokewa na maduka mengi yaliyokubaliana nacho, wakati kuponi ya duka hutumika katika duka hilo tu, na pengine katika tawi moja tu.

Vocha ya zawadi ni fedha iliyokwisha kulipwa. Mwajiri au ndugu hulilipa duka, kisha mwenye vocha huenda kuchukua bidhaa za thamani hiyo. Kadi ya pointi humrudishia mteja sehemu ndogo ya fedha alizotumia. Ofa ya “nunua mbili upate moja” haina karatasi yoyote, lakini nayo ina masharti na tarehe ya mwisho.

Ipo pia promosheni ya bahati nasibu, kama zile za vizibo vya soda au vifuko vitupu vya sabuni. Hizi hazina uhakika wa punguzo, kwani anayenunua anapata nafasi ya kushinda tu. Kwa sababu hiyo husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003.

Ilikotoka

Kuponi ilianza kupata umaarufu nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1880, pale Coca-Cola ilipogawa tiketi za kumwezesha mtu kupata glasi moja ya kinywaji hicho bila malipo. Lengo halikuwa kutoa sadaka. Kampuni ilitaka watu waonje, wapende, kisha warudi kununua kwa bei kamili. Lengo hilo ndilo linaloongoza kuponi nyingi hadi leo.

Wakazi wa Dar es Salaam wa rika la wazee wanakumbuka karatasi ya aina nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sukari, unga na sabuni vilipoadimika, bidhaa hizo ziligawiwa kwa mgawo kupitia maduka ya kaya. Kadi ya mgawo haikupunguza bei bali ilimpa mwenye nayo haki ya kununua kiasi fulani kwa bei ya Serikali, kama bidhaa ingefika. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, bidhaa zilirudi madukani na kadi hizo zikakosa kazi.

Somo la Hati Punguzo

Kuponi iliyowagusa Watanzania wengi kuliko zote haikutoka katika duka la vyakula. Ilitoka kliniki. Mwaka 2004 ulizinduliwa mpango wa kitaifa wa vocha za vyandarua, uliojulikana kwa wananchi kwa jina la Hati Punguzo. Mama mjamzito aliyehudhuria kliniki alipewa hati, akaipeleka katika duka lililosajiliwa, na hati hiyo ikahesabiwa kama sehemu ya malipo ya chandarua chenye dawa. Mwenye duka naye aliipeleka kwa msambazaji ili apate vyandarua vingine. Hadi mwaka 2006 mpango ulikuwa umeenea Tanzania Bara, na hati ya pili, kwa ajili ya watoto wachanga, ilikuwa imeongezwa. Mamilioni ya hati hizo yalitumika kabla mpango haujamalizika mwaka 2014.

Mwanzoni thamani ya hati ilikuwa Sh 2,750, baadaye ikapandishwa hadi Sh 3,250. Bei ya chandarua dukani ilikuwa juu ya hapo, na tofauti ilitoka mfukoni mwa mama. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Wenye uwezo waliongeza fedha wakaondoka na chandarua, huku wengi wa wale maskini zaidi, waliolengwa na mpango, wakibaki na karatasi ndani ya nyumba yenye mbu. Mwaka 2009 utaratibu ulibadilishwa, na nyongeza ya mama ikawekwa kuwa Sh 500 tu kwa chandarua cha dawa ya kudumu.

Somo lake linahusu pia kikapu cha sokoni. Punguzo ni la yule aliye na fedha ya kulipa kiasi kilichobaki. Kwa asiye nayo, kuponi ya Sh 2,000 ya bidhaa ya Sh 20,000 haimsaidii kitu, na pengine humshawishi kutumia Sh 18,000 ambazo zilikuwa za ada au kodi ya chumba.

Masharti ya kawaida

Masharti ya maduka hutofautiana, lakini machache hujirudia karibu kila mahali. La kwanza ni tarehe ya mwisho. Kuponi iliyopitwa na siku moja inaweza kukataliwa, na keshia kwa kawaida hana mamlaka ya kuamua vinginevyo. La pili ni kwamba kuponi moja hutumika kwa bidhaa moja, tena ya ujazo uliotajwa. Kuponi ya dawa ya meno ya gramu 100 haipokelewi kwa ile ya gramu 50.

La tatu ni kutochanganya ofa mbili. Bidhaa iliyokwisha kupunguzwa bei kwa kawaida haipokei kuponi nyingine. La nne ni nakala halisi, kwani kivuli hakikubaliwi. La tano, linalowaudhi wengi, ni kwamba chenji haitolewi. Mwenye vocha ya Sh 20,000 akinunua vitu vya Sh 17,500, huenda Sh 2,500 zikapotea. Dawa ya hilo ni kupiga hesabu kabla ya kwenda kulipa, kisha kujazia kwa chumvi, kiberiti au sabuni, vitu ambavyo nyumba itavihitaji tu.

Njia salama ni kuuliza kwenye dawati la huduma kabla ya kujaza kikapu: je, tawi hili linapokea, kwa bidhaa ipi, na mpaka lini?

Hesabu kwanza

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Chukulia mfano wa dumu la mafuta ya kupikia la lita 5 linalouzwa Sh 32,000, na mnunuzi ana kuponi ya Sh 2,000. Atalipa Sh 30,000, yaani Sh 6,000 kwa kila lita. Ikiwa duka la jumla la Tandika linauza lita moja ya mafuta yale yale kwa Sh 5,800, lita 5 zitamgharimu Sh 29,000. Mwenye kuponi amezidisha Sh 1,000, bado nauli ya daladala ya kwenda na kurudi.

Kadi za pointi nazo zinahitaji hesabu hiyo. Kadi inayotoa pointi 1 kwa kila Sh 100, ambapo pointi 1 ina thamani ya Sh 1, humrudishia mtu Sh 1,000 kwa kila Sh 100,000 anazotumia. Ni faida kwa aliyekuwa ananunua hapo siku zote, lakini haitoshi kumfanya mtu aache duka la jirani lenye bei nafuu.

Bei ya kipimo ndiyo mizani ya kweli. Gawa bei kwa kilo au lita, halafu linganisha. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, kwani maziwa au mtindi wa “nunua mbili upate moja” unaweza kuwa umebakiza siku chache. Kwa nyumba isiyo na jokofu, kopo la tatu litaishia kumwagwa.

Sheria inasemaje

Kwa kanuni ya mikataba ambayo Tanzania iliirithi kutoka Uingereza, bidhaa iliyo kwenye rafu ni mwaliko wa kununua, na mkataba hukamilika pale malipo yanapokubaliwa. Hata hivyo, duka halina ruhusa ya kutangaza lisilokusudia kulitimiza. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza matangazo ya kupotosha kuhusu bei, kuahidi zawadi bila nia ya kuitoa, na kuvutia wateja kwa bei ya chini ya bidhaa ambayo muuzaji hana kwa kiasi kinachoridhisha.

Sheria hiyo pia inataka bidhaa anayouziwa mlaji iwe na ubora unaostahili na ilingane na maelezo yake. Bango la “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” halifuti haki hiyo kwa bidhaa mbovu, hata ikiwa imenunuliwa kwa punguzo. Lakini aliyenunua kitu kizima kisha akabadili mawazo hutegemea hisani na utaratibu wa duka.

Ushahidi wa yote ni risiti. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mnunuzi kudai risiti ya mashine ya kielektroniki. Risiti hiyo pia huonyesha kama punguzo limeingizwa kweli. Ikague kabla ya kutoka mlangoni, kwa kuwa baada ya hapo ni neno la mteja dhidi ya neno la keshia. Asiyeridhika amwone kwanza meneja wa duka, aweke malalamiko yake kwa maandishi, kisha ayafikishe FCC pamoja na risiti na tangazo lenyewe la ofa.

Duka likifungwa

Vocha na pointi ni ahadi ya duka, na duka nalo hufa. Mwaka 2014 Shoprite ya Afrika Kusini iliiuzia Nakumatt ya Kenya maduka yake ya Tanzania. Mwaka 2015 Uchumi ilifunga matawi yake nchini. Nakumatt yenyewe iliporomoka kwa madeni, na Januari 2020 wadai wake jijini Nairobi walipiga kura ivunjwe. Duka likifilisika, mwenye vocha anakuwa mdai mdogo mwishoni mwa foleni ndefu ya benki na wasambazaji. Kwa hiyo vocha itumike mapema, na pointi zisilimbikizwe kama akiba ya benki.

Tahadhari nyingine ni ujumbe wa simu unaodai kwamba mtu ameshinda vocha ya manunuzi na kumtaka atume fedha kwanza. Punguzo la kweli halidai malipo ya utangulizi wala namba ya siri. Ujumbe wa aina hiyo upelekwe namba 15040, iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu.

Kwa mama wa Mbagala mwenye Sh 10,000 ya matumizi ya siku, kuponi nzuri ni ile ya kitu alichokwisha kukiandika kwenye orodha yake, katika duka lililo njiani, kwa bei ya kipimo iliyo chini kuliko ya Mangi wa mtaani. Ikikosa mojawapo ya hayo, ni heri aiache.