Shax ya Tarbaj: Taarikhi ya Mchezo Usiohitaji Meza

Mfugaji wa ngamia ana kazi nyingi zinazotajika, za kuchunga, kukama, kuteka maji na kulinda, lakini katika nchi ya Tarbaj, iliyoko kaskazini-mashariki ya mji wa Wajir kwenye njia iendayo El Wak na Mandera, iko kazi moja ambayo haikuandikwa katika daftari lolote ingawa imekula umri wa watu wengi, nayo ni kungoja. Hungojwa mvua ya gu itarajiwayo mwezi wa Aprili, na hiyo ikipungua hungojwa ya deyr mwezi wa Oktoba. Hungojwa zamu ya kisima, maana ngamia hustahimili juma zima na zaidi bila ya maji, na wakishafika kisimani hunywa mapipa kwa mapipa, na wenye mifugo yao walio nyuma hawana budi kukaa kivulini mpaka waitwe. Ni katika wasaa huo wa lazima, ambao mtu hakuuomba wala hawezi kuukataa, ndipo ulipostawi mchezo wa shax, ambao Wasomali wa pande hizo, kama ndugu zao wa Somalia na Ogaden, wameurithi kwa mababu.

Uwanja wake huchorwa mchangani kwa ncha ya kijiti au kwa kidole: mraba mkubwa, ndani yake mraba wa kati, na ndani ya huo mraba mdogo, kisha mistari minne ikaiunganisha miraba hiyo katikati ya kila ubavu, pasipo mstari wa mshazari hata mmoja, na hivyo hupatikana vituo 24. Kila mchezaji ana kete 12. Mmoja huokota vijiwe, mwenziwe huvunja vijiti au hutwaa mavi makavu ya ngamia, ambayo ni magumu, ni mepesi, na katika nchi ile hayajaadimika hata siku moja. Kete huwekwa mojamoja kwa zamu, na mwenye akili ya hesabu ataona mara moja kwamba kete 24 katika vituo 24 hazibakishi nafasi: uwanja hujaa pomoni kabla ya kete yoyote kusogea. Katika kujaza huko, atakayewahi kupanga kete zake tatu katika mstari mmoja, yaani kufunga jare, hali kete ya mwenziwe papo hapo. Anachopata ni haki ya kuwa wa kwanza kuondoa kete moja ya upande wa pili uwanja ukishajaa, kisha mwenziwe naye huondoa moja, na kwa mapengo hayo mawili vita huanza. Tangu hapo kete husogea hatua moja tu kwa kufuata mstari, bila ya kuruka, na kila jare mpya hula kete moja, hadi mmoja abakiwe na mbili zisizoweza kufunga kitu. Mjuzi hutafuta mpango ambao kete yake moja ikitoka katika jare hii huingia katika ile, na ikirudi huifunga tena ya kwanza, na aliyefikishwa hapo, kama ana heshima yake, hupangusa mchanga akaomba mchezo mwingine.

Iko kanuni moja ambayo mimi naipenda kuliko zote. Aliyezingirwa hata akakosa pa kusogeza kete hahesabiwi kuwa ameshindwa. Yule aliyemzingira ndiye anayelazimika kusogea tena ili amfungulie njia, na akifunga jare katika kufungua huko haruhusiwi kula. Katika mchezo wa Kizungu wa ukoo huohuo, aliyezibwa amekwisha. Sitaki kudai kwamba wazee wa Kisomali waliitoa sharia hii katika adabu za visima, ambako hata hasimu hanyimwi maji, lakini msomaji atanisamehe nikisema kwamba vinafanana sana.

Ukoo wenyewe ni mpana. Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castilla alikamilisha mjini Seville, mwaka 1283, kitabu cha michezo kilichochota maarifa mengi kwa Waarabu wa Andalusia, na ndani yake umo uwanja wa miraba mitatu kama huu wa Tarbaj. Kusini mwa Afrika mchezo wa jamii hii huitwa morabaraba, nao pia ni wa kete 12 kwa kila upande. Huko Uingereza uwanja wa mchezo wa jamii hii uliwahi kuchongwa katika mawe ya makanisa makuu na kuchimbwa katika nyasi za vijijini, na Shakespeare, katika tamthilia ya A Midsummer Night's Dream iliyochapwa mwaka 1600, amemfanya malkia Titania alalamike kwamba mvua zimezidi hata uwanja wa mchezo huo umejaa matope. Hayo ni malalamiko ambayo mtu wa Tarbaj angeyasikia kwa mshangao, na labda kwa wivu kidogo.

Jambo la kutia maanani zaidi ni kwamba katika shax hakuna dadu. Kila kitu ki wazi mbele ya macho ya wote wawili, na mbele ya hadhirina pia, ambao aghalabu hawanyamazi bali hushauri, huonya na hucheka, kiasi cha kwamba anayeshindwa hushindwa pamoja na washauri wake. Wasomali, sawasawa na Waswahili wa pwani, wanafuata madhehebu ya Imam Shafi, na mafakihi wa madhehebu hayo, ingawa sataranji wameihesabu kuwa makuruhu tu maadamu haina kamari wala haimpotezei mtu swala, nardi ya dadu wameikaza kwa uharamu. Naona si bure, basi, kwamba kutoka Lamu hadi Zanzibar watu walishikamana na bao la kete 64, na kule bara ya nyika wakashikamana na shax na mchezo wa mashimo uitwao leyli goobalay, yote ikiwa ni michezo ambayo bahati haina kiti ndani yake. Linganisha na Marekani, ambako mwaka 1961 kijana mmoja aitwaye Hal Richman alianza kuuza mchezo wa Strat-O-Matic, ambao kwa kadi na dadu humwezesha mtu kuurudia mezani mchezo wa besiboli pamoja na wachezaji wake halisi na takwimu zao: pale dadu ndiyo roho ya mambo, kwa kuwa besiboli yenyewe imejaa nasibu. Mfugaji, ambaye riziki yake yote inategemea wingu kupita huku au kule, amejichagulia burudani ambayo ndani yake hakuna wa kulaumiwa ila yeye mwenyewe.

Maandishi kuhusu michezo hii ni haba. Mwaka 1931 jarida la taasisi ya kifalme ya anthropolojia ya London lilichapa makala ya G. Marin juu ya michezo ya Wasomali, na shax imo. Lakini watawala wa Kiingereza, ambao waliweka kituo chao Wajir mwaka 1912, waliandika habari za visima, mipaka ya malisho na hesabu ya bunduki, na wazee walioinama mchangani hawakuwa katika shughuli ya serikali. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambamo Tarbaj ilikuwemo, ilifungwa kwa sharia ya mwaka 1902 na kukazwa tena kwa ile ya mwaka 1934, mtu haingii wala hatoki ila kwa kibali, na baada ya uhuru hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 ilidumu katika vitabu vya sheria hadi mwaka 1991. Katika miaka hiyo, hasa ile ya vita vya shifta kati ya serikali na waasi wa Kisomali, ambapo watu walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi, wengi walipoteza ngamia wao na hawakuwapata tena. Mchezo haukupotea pamoja nao, kwani haukuwa na chombo cha kuchomwa wala cha kunyang'anywa. Ulihama tu kutoka kisimani kwenda kwenye kivuli cha duka.

Watoto nao walikuwa na fani yao. Mtoto wa mfugaji hujenga boma zima kwa vijiwe na matawi ya miiba: jiwe kubwa ni ngamia, dogo ni mbuzi, na zizi lina mlango wake unaofungwa jioni, na binti hujifunza kusimamisha kibanda kidogo mfano wa aqal ya mama yake. Ikumbukwe kwamba aqal yenyewe ni nyumba ya vipande, yenye fito zilizopindwa na mikeka ya kufunikia, mali ya mwanamke, ambayo hufunguliwa yote siku ya kuhama, ikapakiwa juu ya ngamia, na kusimamishwa upya mahali pengine kabla ya magharibi. Denmark walisajili matofali yao ya plastiki ya Lego tarehe 28 Januari 1958, nayo ni matofali mazuri, wala siyadharau. Ila mtoto wa Tarbaj akikua huingia kulala ndani ya kile alichokuwa akikijenga.

Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, ambao ulipitisha misimu mitano ya mvua bila ya mvua ya kutosha, umewashusha wafugaji wengine wengi kwenye vitongoji, na vijana wao wana simu mkononi zenye michezo ya kila namna. Shax bado ipo, mara nyingine kwa vizibo vya soda mahali pa vijiwe, lakini wanaozijua kanuni zake zote, pamoja na ile ya kumfungulia aliyezingirwa, ni watu wazima. Nawaomba walimu wa shule za Tarbaj wawaagize wanafunzi wao wakae na babu zao jioni moja, wacheze mchezo mmoja hadi mwisho, na kuandika sharia kama walivyoambiwa, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, pamoja na jina la mzee aliyewafundisha na kisima alikojifunzia.