Maji ya Moto Pale Mkwawa

Sisi wa Kihesa tunaijua Mkwawa kama chuo kikuu kishiriki. Zamani ilikuwa sekondari, na pale, miaka ya sitini, mwanafunzi alichekwa kwa kuuliza swali. Jina lake Erasto Mpemba.

Kisa kilianzia shule ya Magamba mwaka 1963. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Mpemba akaogopa kukosa nafasi, akayaingiza yakiwa ya moto. Kumbe yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa! Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Wenzake wakapata utani: akikosea hesabu, hizo ni hesabu za Mpemba.

Pale Mkwawa alikuja Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu, Dar es Salaam. Mpemba akauliza: vyombo viwili, maji sawa, kimoja nyuzi 35, kingine 100; mbona cha 100 kinaganda kwanza? Darasa zima kicheko. Osborne akaenda kujaribu. Fundi wake wa maabara akaleta jibu kwamba ya moto yalitangulia, ila, ati, wangerudia mpaka wapate jibu sahihi. Hapo huwa nacheka peke yangu.

Waliocheka walidhani namba ya kipimajoto ndiyo hali yote ya maji. Sivyo. Osborne alitia mililita 70 kwenye bika la mililita 100, akaliweka juu ya povu gumu. Akakuta juu kuna joto, chini baridi, ndani ya bika hilohilo. Alipofunika uso wa maji kwa mafuta, kuganda kukachelewa saa kadhaa. Maana joto lilitokea juu. Kwa hiyo umbo la chombo nalo lina neno lake: bakuli pana si sawa na chupa nyembamba. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala yao.

Silaha hiyo hiyo ikamgeukia Mpemba. Mwaka 2016, Burridge na Linden wa Uingereza walionyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita 1 tu juu au chini, unaweza kupata au kukosa matokeo yake. Wao hawakuyakubali. Iliniuma kidogo, lakini ni haki yao.

Jina lenyewe halijafutika. Mwaka 2024 wanafizikia wa Innsbruck, Austria, walichunguza ioni chache, wakaona zilizoanza mbali zaidi na utulivu zikitangulia kufika. Wakaiita athari ya Mpemba.