Nani Kachora Chui Huyu?

Siku hizi ukimtumia rafiki hadithi yako usiku kwa simu, asubuhi yaweza kukurudia kutoka kwa mtu usiyemjua, jina lako limekatwa. Yangu ilinirudia hivyo. Nilipolalamika washikaji wakanicheka: eti kunakili kulianza zamani, hata wachoraji wa Tingatinga wanaigana tangu siku ya kwanza.

Ni kweli wanaigana. Lakini hebu tuangalie waliiga vipi.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi. Shule ya sanaa hakuiona. Alichukua kipande cha silingibodi na rangi ile ile ya kupakia baiskeli, akachora chui, tembo, ndege. Picha ziliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, na wazungu wakazipenda. Biashara ilipochanganya akawaita jamaa zake, kina Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo na January Linda. Wakaketi karibu naye, wakamwangalia mkono, wakaiga. Ukiiga chui mara mia, bwana, wa mia na moja anaanza kukutazama kwa macho uliyompa wewe.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Kumbe alikuwa amechora kama miaka minne tu! Waliobaki ndio walioendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake. Bila kuigana, leo tungekuwa na picha chache kwenye kuta za watu wa Ulaya, basi.

Sisemi wote walikuwa malaika. Bei ya picha za marehemu ilipopanda, wajanja wakaanza kughushi sahihi yake. Hao kwangu ni wezi, na uanafunzi wao siutambui.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi yenyewe, mtindo hailindi. Kwa hiyo chui ni wa kila mtu. Zamani hilo halikuwa na neno, maana mwigaji alilipa kwa muda, rangi na mgongo wake, na akitoka hapo ana ufundi. Intaneti imemfutia gharama hiyo. Picha inapigwa, inapandishwa mtandaoni, kesho iko kwenye fulana, na mchoraji hana habari.

Sasa zimekuja programu zilizolishwa mamilioni ya picha za watu. Unaandika tu kwamba unataka chui wa Tingatinga, na kabla hujakohoa chui huyo hapo, madoa yote mahali pake. Ukiuliza nani kachora, hakuna wa kuitwa. Hakuna kijana aliyejifunza kushika brashi kwa chui yule, wala nyumba iliyopata unga.