Mashini, Stensili na Kiswahili Chetu: Namna Maandiko ya Lubumbashi Yalivyotayarishwa

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi watu wa Lubumbashi tuko na mali mingi ya namna hiyo. Iko mu vichwa vya wababa waliofanya kazi ku mashimo ya shaba, na mu vichwa vya wamama waliouza ku soko ya Kenya na ya Katuba. Kila mwaka tunazika wazee, na daftari hakuna.

Mu kijitabu hiki wenzetu wameandika juu ya ndoa, ngoma na matanga. Sisi tumechagua kuandika juu ya jambo lingine: namna maneno ya kinywa yanavyopita mpaka ku karatasi. Wengine watauliza: hiyo nayo ni desturi? Tunajibu: ndiyo. Mu mji wetu kuandika Kiswahili kuko na historia yake, na historia hiyo iko na majeraha yake.

Kiswahili bila shule

Mji wetu ulianza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ule mwaka njia ya reli kutoka kusini ilipofika. Watu walikuja kutafuta kazi kutoka pande nyingi, kila mmoja na luga ya kwao. Pole pole Kiswahili njo kikawa luga ya kazi, ya kambi na ya mtaa. Hakikuja na mwalimu. Kilikuja na kapita, na mpishi, na mfanyabiashara.

Ku Afrika ya Mashariki mambo yalienda njia ingine. Mwaka 1928 wakubwa wa nchi zilizotawaliwa na Waingereza walikutana Mombasa, wakachagua Kiswahili cha Unguja kiwe mfano, na mwaka 1930 Kamati ya Luga ikaanza kazi ya kupanga tahajia na kukagua vitabu. Kamati hiyo ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kongo ya Wabelgiji haikuwa ndani. Kwa hiyo Kiswahili chetu kilikomaa bila mtu wa kusimama nyuma yake na fimbo. Mapadri walikuwa na namna yao ya kuandika, makampuni yao, na mtu wa kawaida yake.

Na juu ya shule zetu zilifundisha Kifaransa, masikio yetu yalijifunza kuandika sauti kwa herufi za Kifaransa. Angalia majina yetu: Tshombe, Tshibumba. Ile «tsh» ni sauti ambayo mtu wa Mombasa anaiandika «ch». Angalia komini ya Ruashi: mtu wa Dar es Salaam angeandika «Rwashi». Hakuna aliyekosa. Ni njia mbili za kufika mu nyumba moja.

Mashini na stensili

Mbele ya kompyuta, chama kilichotaka kutoa karatasi zake kilikuwa na njia moja: mashini ya kuandika, stensili na roneo. Vijana wetu hawajui tena kazi hii, basi tuieleze.

Stensili ni karatasi nyepesi yenye nta. Daktilo anaiingiza ku mashini, anaondoa utepe wa wino njiani, na herufi za chuma zinapiga nta yenyewe na kuifungua. Kisha stensili inavalishwa ku ngoma ya roneo, wino unapita mu matundu ya herufi, na kila mzunguko wa mkono unatoa karatasi moja. Ukipiga nguvu kupita kiasi, herufi «o» inakatika yote na ku karatasi inatokea tone jeusi. Ukikosa neno, unapaka dawa, unangoja ikauke, unapiga tena. Kwa hiyo daktilo mingi walipendelea kuacha kosa kuliko kuharibu stensili, kwani stensili ilinunuliwa.

Tena mashini zenyewe zilipangwa kwa Kifaransa. Mu Kifaransa herufi «k» na «w» ni wageni, mtu anaweza kuandika barua nzima bila kuzihitaji. Mu Kiswahili njo zenye kufanya kazi siku nzima: kwa, kwetu, mwaka, kwenda. Na «w» iko chini kabisa ku pembe, pale kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole chenye nguvu kidogo. Mtu anayecheka makosa ya karatasi za zamani akumbuke kidole hicho.

Kitabu cha maboyi

Maandiko makubwa ya namna hiyo mu mji wetu yaliandikwa mwaka 1965. Ni «Vocabulaire de ville de Elisabethville», iliyokusanywa na André Yav kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani, wale tulioitwa maboyi. Mwaka uliofuata, 1966, jina la Elisabethville likafutwa, mji ukaitwa Lubumbashi. Maboyi waliwahi.

Jina la kitabu linasema «msamiati», lakini ndani ni historia: Msiri, mfalme Leopold, wazungu wa kwanza na majina ya utani ambayo watu weusi waliwapa, vita, mishahara, na maisha ya mtu anayepika chakula asichokula. Sisi tunaona kuna kitu mu jina hilo. Wakati wa ukoloni, vitabu vya msamiati vilikuwa vijitabu ambavyo bwana alinunua ili ajue kuamuru: lete maji, fagia, ngoja. Sasa wale walioamriwa njo wakachukua jina la kitabu hicho, wakakijaza na habari zao wenyewe.

Lakini mtu akikifungua anachoka upesi. Maneno yameunganishwa mahali pa kutenganishwa, na kutenganishwa mahali pa kuunganishwa. Nukta na mikato ni michache. Neno moja linaandikwa namna mbili au tatu. Msomaji wa shule anasema: hawa hawakujua kuandika. Anafunga.

Johannes Fabian, aliyefundisha ku chuo kikuu cha hapa Lubumbashi miaka ya 1972 mpaka 1974, hakufunga. Alimwomba Kalundi Mango, mtu wa hapa, asome maandiko yale kwa sauti. Na pale njo fumbo likafunguka. Kile ambacho jicho lilikataa, sikio lilikubali. Maandiko yale yaliandikwa na mtu aliyekuwa anasikia maneno, na yalingoja mtu wa kuyasema tena. Mwaka 1990 kitabu kilitoka Ulaya, maandiko ya 1965 pamoja na usomaji wa Kalundi Mango, tafsiri ya Kiingereza, na maelezo ya luga ya Walter Schicho.

Baadaye, ku Amsterdam, Fabian na Vincent de Rooij walianzisha jarida la intaneti juu ya luga na utamaduni wa watu wa Afrika, na ndani yake akiba ya Kiswahili cha watu wa kawaida. Humo unakuta pia maneno ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wetu aliyechora historia ya nchi miaka ya 1973 na 1974. Kazi ya kutayarisha maandiko hayo ni ngumu kuliko kuyaandika: kusikiliza kaseti, kuandika kila neno jinsi lilivyosemwa, kuonyesha nani anasema, na kuweka tafsiri bila kugusa asili.

Kosa letu wenyewe

Tunasema haya juu ya sisi pia tulikosa. Mu kijitabu chetu kimoja cha mbele tuliandika habari za mzee mmoja wa Kamalondo. Alitusimulia kwa Kiswahili chetu: batu, bintu, tulikuwaka, njo vile. Sisi wasomi tukaona haya. Tukageuza yote kuwa Kiswahili bora, «watu», «vitu», «tulikuwa». Kijitabu kikatoka kizuri, mistari imenyooka. Tukakipeleka kwake, mjukuu akamsomea. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: «Huyu anasemaka ni nani?»

Hatukuwa na jibu. Tulimchukulia sauti yake, tukamrudishia sauti ya mtu wa redio. Alikufa mbele tujapata kusahihisha. Na karatasi tulizoandika siku ile mu nyumba yake, tulikuwa tumezitupa, tukifikiri kazi imekwisha.

Umbo na maneno

Hapo njo tulielewa kwamba kuna kazi mbili, na sisi tulizichanganya. Ya kwanza ni kupanga umbo la ukurasa. Ya pili ni kuchunga maneno ya mtu. Mu nchi zingine waliona jambo hili pia. Mwaka 1977 mwalimu wa Marekani Donald Knuth alipata kurasa za majaribio za kitabu chake cha hesabu za kompyuta, akaona herufi ni mbaya. Badala ya kulalamika tu, alitengeneza programu yake ya kupanga kurasa, TeX. Wenye kuitumia wakawa na jarida lao, TUGboat, tangu mwaka 1980. Mu namna hiyo ya kazi, umbo linapangwa mahali pamoja kwa wote: ukubwa wa herufi, vichwa, pembeni. Mwandishi analeta maneno. Ukibadilisha umbo, maneno hayaguswi.

Sisi hatuna programu hiyo, tuko na kompyuta mbili na umeme unaokatika. Lakini wazo tumelichukua, na tangu hapo kila andiko linapita njia hii.

Kwanza, nakala mbili. Ile ya kwanza, jinsi mzee alivyosema, haiguswi na mtu, na haitupwi. Ya pili njo ya kuchapa.

Pili, tahajia ni yetu, maneno ni yake. Tunaandika «ch», hatuandiki «tsh», ili macho yasichoke, lakini jina la mtu linabaki jinsi liko ku karatasi zake. Kitenzi kinaandikwa pamoja na viambishi vyake: «tulikuwaka», si «tuli kuwaka». Lakini akisema «batu», tunaandika «batu».

Tatu, neno la Kifaransa lililozoea kinywa chetu linavaa nguo ya Kiswahili: komini, avenyu, daktilo.

Nne, hesabu ya kurasa. Kijitabu kinachokunjwa katikati kinakwenda kwa nne nne, karatasi moja inatoa kurasa nne. Ukurasa mmoja ukizidi, unalipa nne. Kwa hiyo mwandishi anaambiwa mbele urefu wake, ili tusikate maneno ya mzee usiku wa mwisho juu ya kuokoa karatasi.

Tano, na hii tumeipata kwa Kalundi Mango: hakuna andiko linalokwenda kuchapwa mbele halijasomwa kwa sauti, na mwenye kusema anasikiliza kama angali hai. Akisema «hapana, mimi sikusema vile», tunarudi mezani. Inachukua siku mingi. Mwaka huu andiko moja lilirudi mara tatu.

Kuna wanaosema tunafundisha watoto Kiswahili kibaya. Hofu yao tunaielewa, na ku shule mtoto ajifunze Kiswahili bora, kitamfaa mpaka Dar es Salaam na Nairobi. Lakini maboyi wa 1965 walikuwa na mashini ngumu, stensili za kuhesabu, na hakuna aliyewaonyesha mahali pa kuweka nukta. Waliandika hivyo hivyo. Kama wangengoja mpaka wajue tahajia ya Unguja, leo tusingekuwa na kitu cha kusoma.

Basi, ndugu msomaji, angalia mu sanduku la babu. Ukikuta karatasi za roneo, usizitupe juu ya makosa. Zilete, tukae, tuzisome kwa sauti.