Mali bila Daftari: Historia ya Kuhesabu Neema ya Delta Yetu

Ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti, mlioko nyumbani na mlioko mijini,

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baadhi yetu tunaokula jasho la kazi ya hesabu hapa mjini tunaikumbuka methali hiyo kila mwisho wa mwaka. Safari hii tumeona tuitumie kuitazama delta yetu: ni nani waliowahi kuhesabu vilivyomo, walihesabu nini, na nini hakijaingia daftarini mpaka leo.

Waliotangulia kuhesabu walikuwa wafanyabiashara wa boriti. Majahazi yaliingia mitoni kuchukua mikoko ya kujengea nyumba Uarabuni na Ghuba, na boriti zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Wajerumani walipotawala waliiweka misitu hiyo chini ya uangalizi wa serikali, na Waingereza wakaendelea hivyo. Vitabu vingi vya historia vinaitaja delta kwa sababu ya manowari moja tu, Königsberg, iliyojificha humo na kuzamishwa Julai 1915. Samaki, kaa na kome walioko katika mito hiyo hiyo hawakupata ukurasa.

Baada ya uhuru ikaja zamu ya kamba. Kamba huzaliana baharini, watoto wao husukumwa na maji hadi kwenye mikoko, hukulia humo, kisha hurudi baharini wakiwa wakubwa. Kwa hiyo meli zilizokokota nyavu nje ya delta zilikuwa zikivuna kilicholelewa kwetu. Kamba waliuzwa nje, hivyo walipimwa kwa kilo na kuandikwa. Daftari hilo ndilo lililoonyesha mavuno yakishuka, na mwishoni mwa miaka ya 2000 Serikali ikasimamisha uvuvi wa kamba wa meli kubwa. Tuangalie somo lililomo: hatua ilichukuliwa kwa sababu kulikuwa na takwimu za miaka iliyotangulia za kulinganisha.

Sasa tujiulize kuhusu kome, chaza na tondo. Hawa huokotwa matopeni maji yanapokupwa, zaidi na kina mama na watoto. Huingia kwenye kikapu, kikapu huingia jikoni, au huuzwa kwa jirani. Hawapiti kwenye diko anakosimama bwana samaki na mizani yake. Ukifuata historia yote hii utaona mstari mmoja: kilichohesabiwa ni kile kilichouzwa mbali. Kilicholisha nyumba zetu hakikuhesabiwa.

Kwa nini jambo hili ni la haraka sasa? Mto Rufiji hukusanya maji kutoka bonde la takriban kilomita za mraba 177,000, kupitia Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Tangu Desemba 2022 maji hayo yanajaza Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115. Umeme huo ni wa Taifa zima, nasi tunauhitaji. Lakini bwawa lolote hubadilisha wakati na kiasi cha maji yanayoshuka, na hushika sehemu ya tope ambalo zamani lilifika baharini. Wazee wetu wa mlau wanajua thamani ya tope hilo shambani. Kome naye anaishi ndani yake. Maji ya mto yakipungua, chumvi hupanda juu zaidi. Yakija mengi kwa ghafla, chumvi hushuka, na kome hana miguu ya kukimbilia.

Je, kome wamepungua? Wapo wanaosema ndiyo, na wapo wanaosema wamehamia mito mingine. Bila daftari, yote mawili ni maneno. Siku tutakapokaa mezani na wahusika kuzungumzia ni wakati gani maji yafunguliwe na kwa kiasi gani, tutaulizwa takwimu. Tukienda mikono mitupu, tutasikilizwa kwa heshima na kuagwa kwa heshima.

Kuhesabu kwenyewe si kazi ya maprofesa peke yao. Kinachotakiwa ni kufanya jambo lile lile, mahali pale pale, kwa utaratibu ule ule. Kwenye matope huwekwa fremu ya mita moja kwa moja wakati wa bamvua, kome waliomo huhesabiwa na kupimwa urefu, kisha hurudishwa. Kwenye diko huandikwa kilo za samaki, aina zao, chombo, aina ya wavu na saa zilizotumika. Hizo saa ni muhimu. Jumla ya kilo inaweza kupanda kwa sababu mitumbwi imeongezeka, huku kila mtumbwi ukirudi na pungufu. Mwenye duka anaelewa: mauzo kupanda si lazima faida ipande.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inawatambua wananchi kupitia vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU. Tangu 2004 delta yetu, pamoja na Mafia na Kilwa, ni eneo la ardhioevu linalotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mlango upo wazi. Kinachokosekana ni mizani, rula, vipimo vya chumvi, madaftari, na posho ndogo ya waandishi, ambao tunapendekeza nusu yao wawe kina mama wanaookota kome.

Ndiyo maana mwaka huu sehemu ya michango yenu tunaomba iende huko. Madaftari yatabaki kijijini, nakala ikikaa ofisi ya chama, na kila mwanachama atakuwa na haki ya kuyafungua na kuyasoma. Daftari la mwaka mmoja halisemi mengi. La miaka kumi litawasemea watoto wetu, na wa kuandika ukurasa wa kwanza ni sisi.