Afya na hali ya maisha Dallas–Fort Worth na Houston

Dallas–Fort Worth na Houston ndiyo maeneo makubwa zaidi ya kimji katika jimbo la Texas, Marekani. Kila moja lina wakazi zaidi ya milioni 7. Houston ina Texas Medical Center, iliyoanzishwa mwaka 1945, ambako hospitali na vyuo vya tiba vimekusanyika kwa wingi kuliko popote duniani. Hata hivyo, sera ya bima na mtaa anaoishi mtu huamua afya yake kuliko wingi wa hospitali.

Bima na matibabu

Karibu mkazi mmoja kati ya sita wa Texas hana bima ya afya, kiwango cha juu kuliko jimbo lingine lolote. Sheria ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 ilikusudia kupanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini, lakini mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani iliyaachia majimbo uamuzi, na Texas haikuipanua. Wanaokosa bima hukimbilia hospitali za umma zinazosaidiwa na kodi ya ardhi na majengo: Parkland ya Dallas, iliyofunguliwa 1894, John Peter Smith ya Fort Worth na Ben Taub ya Houston. Sheria ya mwaka 1986 huzitaka idara za dharura zimhudumie mgonjwa aliye hatarini hata kama hana pesa. Haimpi kliniki ya kila mwezi ya kisukari au presha, hivyo wengi hufika hali ikiwa imeshakuwa mbaya.

Mtaa na mazingira

Mwaka 2019 watafiti wa UT Southwestern walionyesha kuwa wakazi wa eneo la posta 76104, kusini mwa katikati ya Fort Worth, waliishi wastani wa miaka 66.7, muda mfupi kuliko eneo lingine lolote la posta Texas. Hospitali ya John Peter Smith imo ndani ya eneo hilohilo. Mwaka huohuo idara ya afya ya jimbo ilikuta saratani zimezidi kiwango kilichotarajiwa Fifth Ward, mtaa wa Houston wenye Weusi wengi, jirani na karakana ya zamani iliyopaka mataruma ya reli kreosoti, dawa ya kuhifadhi mbao. Arlington, mji wa watu karibu 400,000 kati ya Dallas na Fort Worth, haina mtandao wa kawaida wa mabasi. Asiye na gari hupata tabu kufika kliniki.

Sera pia huponya. Tangu mwaka 2011 Houston imepunguza wasio na makazi kwa zaidi ya nusu, kwa kumpa mtu nyumba kwanza, matibabu na ushauri vikafuata.

Wasemaji wa Kiswahili

Miji hii imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili. Kwao lugha nayo ni kizuizi. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumpatia mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani bila malipo. Ni haki yake kumwomba.